Je, Fremu za Jipsamu Zinaweza Kubeba Kiyoyozi cha Dari?

*Swali: "Nimenunua kiyoyozi cha kaseti, kile kinachofichwa ndani ya dari, kwa ajili ya sebule. Mashine ya ndani ina kilo 26 na kava lake kilo 5. Sebule ina kimo cha mita 3, dari ni ya jipsamu, na juu yake kuna kenchi za mbao zilizoachana sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati. Fundi wa kwanza anasema ataning'iniza mashine kwenye fremu za chuma za jipsamu kwa sababu ndizo zinazobeba dari nzima. Wa pili anasema lazima akate mbao ya chini ya kenchi moja ili mashine iingie. Kaka yangu ni seremala, na tumefikiria tuifunge wenyewe, tuunge umeme, halafu fundi aje kuweka gesi tu. Watoto wangu hucheza sebuleni kutwa nzima. Nimfuate nani?"*

Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Hofu yako ni ya haki: unataka kuweka kitu cha kilo zaidi ya thelathini juu ya vichwa vya watoto, na kila unayemuuliza anakupa jibu linalopingana na la mwenzake. Mpango wako na kaka yako una nusu nzuri ambayo nitakutia moyo uifanye, na nusu nyingine ambayo nakuomba uiache. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana ukishajua mashine hii inabebwa na nini na inafanya kazi vipi, utaweza kumsimamia fundi yeyote atakayeingia nyumbani kwako.

Tuanze na fremu za jipsamu. Ni kweli zinabeba dari nzima, lakini dari nzima ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Bodi ya jipsamu ya kawaida yenye unene wa milimita 12.5 ina uzito wa kilo 8 hadi 10 hivi kwa kila mita ya mraba, na uzito huo umetandazwa sawasawa na umetulia. Fremu zenyewe ni bati lililokunjwa, mara nyingi lenye unene wa kama nusu milimita, lililoshikwa na waya au vipande vya bati vyenye skrubu fupi. Mashine yako inaleta kilo 31, bila kuhesabu maji yanayokusanyika ndani na mabomba ya shaba, katika eneo lisilofika mita moja ya mraba. Isitoshe, ndani yake kuna feni inayozunguka saa nyingi kila siku. Mtetemo wake ni mdogo, pengine hata mkono hausikii, ila haukomi, na skrubu iliyoshika bati jembamba hulegea kidogo kidogo. Siku ya kwanza hakuna kitakachoonekana. Fundi atalipwa na kuondoka, nawe utaridhika. Baadaye jipsamu itaanza kupata nyufa nyembamba kuzunguka kava, kisha pembe moja ya mashine itashuka, na mzigo wa pembe hiyo utahamia kwenye pembe nyingine ambazo nazo zilikuwa zimelemewa tangu mwanzo.

Kaseti hubebwa na jengo. Dari inatobolewa tu ili mashine ivute na kutoa hewa, na kazi ya kava ni kuziba ukingo wa tundu hilo. Mashine huning'inia kwa nondo nne zenye hesi, mara nyingi za unene wa milimita 10, zinazoshuka kutoka kwenye muundo wa jengo hadi kwenye masikio manne ya mashine. Kila sikio huwa na nati na washa juu na chini yake, halafu nati ya pili ya kufunga ile ya chini isilegee kwa mtetemo. Kipimo changu ni rahisi: mashine iliyofungwa sawasawa, ukibomoa dari yote usiku huu, kesho asubuhi utaikuta pale pale haijasogea hata kidole.

Sasa huyo fundi wa pili, na huyu ndiye anayenitisha zaidi. Mbao mbili za juu za kenchi, zile zinazobeba bati au vigae, hazikandamizi kuta kwenda chini tu. Zinasukuma pia kwenda nje, kila moja upande wake. Mbao ya chini ndiyo inayozivuta zisiachane, na muda wote imekazwa kama kamba ya upinde. Ukiikata, miguu ya kenchi inapata ruhusa ya kuachana, inasukuma vichwa vya kuta, na paa linaanza kuzama katikati. Huenda usione kitu kwa miezi, kwa sababu kenchi za jirani zitasaidia kuubeba mzigo, lakini zimeongezewa kazi ambayo hazikutengenezewa, na upepo mkali hauchagui siku. Hakuna fundi wa viyoyozi mwenye haki ya kukata mbao ya kenchi. Hata kutoboa tundu kubwa katikati yake ni kuipunguzia nguvu. Kama kweli pana haja ya kugusa muundo wa paa, hiyo ni kazi ya mhandisi wa majengo, na inaanza kwa mchoro kabla ya msumeno.

Hata hivyo, fundi huyo ameona tatizo la kweli. Kenchi zikiachana sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati, na mbao ikiwa na unene wa sentimita 5, nafasi iliyobaki wazi ni sentimita 55 tu. Kaseti ndogo kabisa, zile zilizotengenezwa kwa dari za vigae vya sentimita 60 kwa 60, zina mwili wa kama sentimita 57. Zile kubwa zina sentimita 84. Kwa hiyo mashine yako haitaingia kati ya mbao, na masikio yake ya kuning'inizia yanatokeza nje zaidi ya hapo. Usiache kupima mwenyewe, maana mafundi wengi wanataja umbali wa kenchi kwa kukisia.

Ningekuwa mimi, ningeshusha sehemu ya dari. Mwili wa kaseti za nyumbani kwa kawaida una kimo cha sentimita 25 hadi 30. Sebule yako ina mita 3. Ukishusha dari sentimita 30 hivi katikati ya chumba, kwa mfano kwa sanduku pana la jipsamu, mashine yote itakaa chini ya mbao za kenchi bila kugusa hata moja, na midomo ya hewa itabaki mita 2.7 kutoka sakafuni. Miongozo mingi ya watengenezaji hutaka zaidi ya mita 2.3 au 2.5, kwa hiyo uko salama. Sanduku liwe pana kiasi kwamba hewa inayotoka pande nne isigonge ukingo na kurudi kuvutwa tena na mashine. Kitabu cha mashine kinaonyesha nafasi ya kuacha kila upande. Angalia pia kwamba hewa ya baridi haipigi moja kwa moja kitambuzi cha moshi, kwa sababu itausukuma moshi mbali nacho.

Njia ya pili ni kuibadilisha, kama muuzaji anakubali, uchukue mashine ya ukutani. Sisemi hivi kukuvunja moyo. Kaseti ina faida ya kweli katika chumba kipana, kwa sababu inasambaza hewa pande zote. Lakini kama sebule yako ni ya kawaida, ya ukutani itakupoza vilevile, haiweki uzito wala maji juu ya kichwa cha mtu, na kuisafisha hakuhitaji jukwaa. Watu wengi hununua kaseti kwa sababu inapendeza macho, na hilo si kosa, ila ujue kwamba uzuri huo una kazi zake juu ya dari.

Ukiamua kuendelea, hapa ndipo kaka yako seremala ana nafasi nzuri. Mbao mbili madhubuti, tuseme za inchi 2 kwa 4 zilizosimamishwa ili upande wake mpana uwe wima, zipite kukatiza juu ya mbao za chini za kenchi, kila moja ikipita kenchi tatu au zaidi na kufungwa kwenye kila moja. Nondo zitatoboa mbao hizi mpya, si kenchi, na juu ziwekewe washa pana ili nati isizame kwenye mti. Hivyo mzigo unagawanyika kwenye kenchi kadhaa. Kila mbao inayobebeshwa isiwe na mafundo makubwa, ufa, wala dalili ya mchwa. Msiifunge mashine kwenye papi zinazoshikilia bati la paa, na msitegemee misumari peke yake mahali ambapo mzigo unavuta kwenda chini. Dari ikikatwa, fremu zilizokatwa kuzunguka tundu nazo ziunganishwe upya kwa vipande vya pembeni, la sivyo jipsamu italegea hata kama mashine haijaigusa.

Kwa msomaji ambaye juu ya dari yake kuna slabu ya zege: nondo hushikwa kwa bolti za kutanuka za chuma zilizoidhinishwa kwa mzigo wa kuning'inia, si kwa plagi za plastiki. Tundu lisafishwe vumbi lote kabla ya kuingiza bolti, kwa sababu vumbi huifanya isishike zege. Kama slabu ina matofali yenye uwazi ndani, bolti iingie kwenye mbavu za zege, kamwe isiingie kwenye tofali. Na kama jengo lina slabu yenye nyaya za chuma zilizokazwa ndani yake, usitoboe hata tundu moja bila michoro ya jengo. Kukata waya wa namna hiyo ni hatari kwa mtoboaji na kwa jengo.

Kupandisha mashine ndiyo dakika chache zenye hatari kuliko zote. Kilo 26 juu ya mabega, mikono imenyooshwa, ngazi inacheza: watu wamevunjika hivyo. Msiinue mkiwa juu ya ngazi. Tumieni jukwaa imara lenye sakafu bapa, au kodisheni winchi ya mkono ya kunyanyulia vifaa vya dari. Wawe watu watatu, mmoja akiwa chini wa kuongoza. Watoto wawe nje ya nyumba kabisa. Miwani na barakoa vaeni tangu mnapokata jipsamu, na mkiwa juu ya dari kanyageni mbao tu.

Nimesema mengi kuhusu uzito kwa sababu ndio uliouliza, lakini kinachoshuka kutoka kwenye kaseti mara nyingi zaidi ni maji. Hewa ya chumba ikigusa koili yenye baridi, mvuke uliomo hugeuka kuwa matone. Siku ya unyevunyevu mashine ya ukubwa huu inaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Maji hayo huanguka kwenye sinia chini ya koili, na kwa kuwa sinia liko chini kuliko bomba la kuyatolea, ndani kuna pampu ndogo inayoyapandisha. Pampu hiyo ina kikomo, kwa mashine nyingi kati ya sentimita 50 na 85, na kitabu chako kinataja kikomo chake hasa. Bomba lipande wima jirani na mashine, halafu kuanzia hapo literemke bila kupanda tena mahali popote, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Lishikwe kwa vishikizo kila mita moja hadi moja na nusu, kwa sababu bomba la plastiki likibonyea katikati hujikusanyia maji na uchafu, na siku moja huziba. Lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la maji taka. Harufu itarudi chumbani kupitia mashine.

Mashine yenyewe iwe sawa kwa pimamaji kwenye pembe zote nne. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wa haraka hulidharau: karibu na pampu kuna boya linalohisi kimo cha maji na kuizima mashine yakizidi. Kama pembe yenye pampu imeinuliwa kuliko nyingine, maji yatajaa upande wa pili na kumwagika boya likiwa bado kavu. Kabla ya kufunga kava, fundi amimine polepole lita moja hadi mbili za maji kwenye sinia kupitia tundu la ukaguzi, aiwashe mashine katika hali ya kupoza, nawe uende kwenye mwisho wa bomba uyaone maji yakitoka kwa macho yako. Kisha aizime, na msubiri kidogo muone kama hakuna tone. Asiyetaka kufanya jaribio hili hajamaliza kazi.

Maji mengine hayatoki kwenye sinia kabisa. Juu ya dari chini ya paa kuna joto kali, na kitu chochote chenye baridi hapo kitatoa jasho. Bomba mbili za shaba zivishwe sponji kila moja peke yake, mpaka kwenye nati, bila kuacha hata sentimita moja wazi, na bomba la maji nalo livishwe. Kama huko juu joto linapita nyuzi 30 na unyevunyevu unapita asilimia 80, mwili wa mashine nao uongezewe sponji kwa nje. Acheni pia mlango mdogo kwenye dari upande wa mabomba. Miaka miwili baadaye mtamshukuru aliyewashauri.

Sasa nusu ninayokuomba uiache. Umeme usiunge wewe. Kaka yako anaijua mbao vizuri, lakini hapa pana sanduku la chuma lenye maji ndani yake, lililo mahali ambapo hakuna anayeliangalia. Kiyoyozi kinataka njia yake peke yake kutoka kwenye ubao wa swichi, yenye kikata umeme cha ukubwa uliotajwa kwenye kitabu, waya wa ethi uliofungwa kweli, na kinga inayokata umeme ukivuja. Kati ya mashine ya ndani na ya nje kuna nyaya zinazofanana, na mojawapo hubeba mawasiliano. Ukiibadilisha na ya umeme mkuu, bodi za mashine zinaweza kuungua papo hapo. Hakuna kiungo cha waya kinachoachwa wazi juu ya dari. Na hata umeme ukishazimwa, vihifadhi-chaji vya mashine ya nje hubaki na umeme kwa dakika kadhaa. Mwite fundi umeme mwenye leseni, naye apime kwa kifaa kabla ya kugusa.

Kuhusu "kuweka gesi tu", hapo pana kutoelewana ambako kumeharibu mashine nyingi. Gesi tayari imo katika mashine ya nje, kwa kiasi kinachotosha urefu fulani wa bomba. Kazi ya fundi ni kuziunganisha bomba, kuhakikisha hazivuji, kutoa hewa na unyevu wote uliomo, ndipo afungue koki. Midomo ya bomba itanuliwe upya na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo. Ya robo inchi hutaka kama niutoni-mita 14 hadi 18, na kuikaza kwa nguvu za bega huipasua. Kisha ajaze naitrojeni kavu kwa shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu, aiache, aangalie kama geji imeshuka. Asitumie oksijeni kamwe, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Baada ya hapo pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa, ivute mpaka shinikizo ndani ya bomba lishuke chini ya mikroni 500 na libaki hapo. Ukimwona anafungua koki kidogo ili "gesi isukume hewa nje", mzuie. Unyevu unaobaki huchanganyika na mafuta na kutengeneza asidi inayokula kompresa taratibu.

Angalia bamba la mashine. Kama imeandikwa R32, gesi hiyo inaweza kushika moto, si kwa wepesi lakini inaweza, na ikiungua hutoa hewa yenye sumu. Kitabu kitataja eneo dogo kabisa la chumba kinachoruhusiwa. Wakati wa kazi pasiwe na sigara wala jiko linalowaka. R410A haishiki moto hivyo, lakini siku ya joto shinikizo lake linapita baa 25. Zote mbili zikitoka zikiwa kimiminika huunguza ngozi kwa baridi. Pia, akija mtu mwingine baadaye kukwambia gesi "imeisha", mwambie atafute mahali inapovuja. Gesi hii haitumiki ikaisha.

Mkishaiwasha, wiki za kwanza iangalie kila siku. Doa la maji kwenye jipsamu, ufa mpya kuzunguka kava, kava lililoachana na dari upande mmoja, mlio wa kugonga, harufu ya kuungua au swichi inayojikata: lolote kati ya hayo, zima kwenye ubao wa swichi, ondoa watoto chini yake, na umwite aliyefunga aje afungue kava mbele yako. Ukisikia mlio mkali wa gesi ikitoka, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima chochote chumbani, toka.

Na yapo mambo mawili ya kusimamisha kazi kabla haijaanza. Kama nyumba ni ya zamani na dari au sehemu yoyote juu yake inaweza kuwa na asbesto, msikate wala kutoboa mpaka ipimwe, kwa sababu vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Na kaka yako akipanda juu akakuta kenchi zilizopinda, zilizoliwa na mchwa, au zilizowahi kukatwa na mtu mwingine, mwite mhandisi wa majengo azione kabla hamjanunua hata nati moja.